Maiki Kifuani mwa Boni

Ukitaka kazi ya sauti, jifunze kwanza kula. Fundi sauti hapaswi kuwa na njaa, maana tumbo lenye njaa hunguruma, na maiki nzuri huunasa mngurumo huo hata ukijificha nyuma ya pazia. Hapaswi kushiba pia. Aliyeshiba huhema kwa pua na kusinzia ndani ya hedifoni. Mimi miaka yote ya kazi nilikula kipande cha muhogo asubuhi na chai ya rangi, nikawa mwembamba hadi wenzangu wakanionea huruma. Ndiyo maana hucheka peke yangu nikikumbuka kwamba kipindi pekee kilichowahi kuninenepesha ni kile cha kupunguza watoto unene.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazini sasa, wenye vifaa vidogo kama punje ya njugu. Mimi nilianza na mashine ya mkanda, nzito kama debe la maji, ya kuning'iniza begani. Bega langu la kushoto mpaka leo liko chini ya mwenzake, na fundi cherehani wangu hapa Morogoro hunishonea mkono mmoja mrefu kidogo bila kuniuliza. Simwonei wivu mtu kwa vifaa vyake. Mashine zimebadilika, lakini mtu anayevishwa maiki bado ni yuleyule: anatoka jasho, anaogopa, na baada ya muda mfupi anasahau kwamba unamsikia.

Aliyenifundisha ni Mzee Shomari, mtu wa redio, aliyekuwa na masikio makubwa kuliko uso wake na akijivunia hilo. Alinipa kanuni mbili tu. Ya kwanza: ukifika mahali pa kurekodi, fumba macho. "Mwenye kamera ana macho yake," alikuwa akisema. "Wewe umeajiriwa masikio. Macho yako yafunge, yasikuibie kazi." Nilidhani ni utani wa wazee. Siku moja nikarekodi mahojiano mazima ya mama mmoja mwenye nyumba nzuri, mapazia yanapendeza, nuru inapendeza, na mimi nimekodoa macho kama mgeni wa harusi. Tuliporudi studio, kila neno la yule mama lilikuwa na mlio wa jokofu chini yake. Tangu siku hiyo nilifumba.

Kanuni ya pili: utakachokisikia mtu akiwa amesahau maiki yake, si mali yako. Usikibebe nyumbani, usikiuze, usikichekee. Hii nimeishika mpaka nikastaafu, ingawa kuna siku ilinichoma.

Sasa nije kwenye kipindi chenyewe.

Kulikuwa na msanii, nitamwita Kibwagizo, ambaye nyimbo zake zilipigwa kila harusi. Yeye mwenyewe alikuwa mnene sana zamani, akapungua, na kupungua kwake kukampa umaarufu wa pili. Televisheni ikampa kipindi: achukue watoto wachache wanene wa shule moja ya mjini Morogoro, akae nao muhula mzima pamoja na likizo yake, awafundishe kula na kukimbia, kisha mwishoni wapimwe hadharani, mubashara, nchi nzima ikitazama. Palitengenezwa mizani maalumu, pana kama meza, yenye tarakimu nyekundu zinazoonekana toka mwisho wa uwanja. Siku ya kuzindua, Kibwagizo alipanda yeye kwanza, akageuka mbele ya kamera, akajipiga tumbo.

"Mnaona? Bapa kama sinia!"

Tarakimu zake zikarekodiwa, na vifijo vyake nikavirekodi mimi.

Kati ya watoto wale alikuwapo Bonifasi, wa darasa la tano. Mama yake alikuwa na banda la chipsi jirani na stendi ya Msamvu. Mtoto akitoka shule alikaa nyuma ya kikaango mpaka jioni, kwa sababu nje ni mabasi yanayogeuza na bodaboda, hapana mahali pa kukimbilia. Alikula kilichobaki, akanywa soda iliyofunguliwa na abiria aliyekimbilia basi lake. Huo ndio ulikuwa unene wa Boni. Haukuwa na siri yoyote. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye ulimi.

Ulimi huo niliusikia siku ya kwanza. Kibwagizo alimshika bega, akamuuliza kwao ni wapi, na ukoo wa mama yake ni upi. Milimani kwetu Uluguru mtu huhesabiwa kwa mama. Ukoo wa mama ndio ukoo wako, baba atoke anakotoka. Kibwagizo, ambaye mama yake alikuwa Mluguru wa Matombo, aliposikia jina la ukoo wa Boni akaruka juu.

"Ala! Watani wangu hawa! Ndiyo maana! Mtani, umemeza mtungi wa gesi?"

Nanyi mnajua, au mliambiwa na bibi zenu: koo zenye utani zina ruhusa ya kutukanana usoni bila mtu kukasirika. Boni hakukasirika hata kidogo. Alimtazama, akajibu palepale:

"Na wewe umemeza maiki, ndiyo maana hunyamazi."

Darasa zima lilipasuka. Mwalimu alishika ukuta. Kibwagizo mwenyewe alicheka hadi akakohoa, na kikohozi chake kikanipasua sikio. Nilifungua macho kidogo, nikamwona mtoto amesimama kifua mbele, kama mchezaji aliyefunga bao.

Kipindi kiliporushwa, sehemu ya mtungi ilikuwepo. Jibu la Boni halikuwepo. Wahariri walikuwa na dakika chache, na nadhani waliona staa ndiye mwenye kipindi. Utani ni mpira wa kurushiana. Wao walionyesha mtu mmoja akimrushia mtoto mpira usoni, basi.

Kesho yake Msamvu nzima ilimwita Mtungi. Wapiga debe, wauza maji, makondakta. "Mtungi, umejaa?" "Mtungi, mama amekuuza?" Nilipokwenda kwenye banda kurekodi sauti za pale, mama yake alikuwa anageuza chipsi mayai, hakuinua uso.

"Dada, karibu."

"Asante. Pole na kazi."

"Nikuulize. Watani wetu ni ukoo wa yule msanii. Sawa, mila ni mila. Hawa wa stendi nzima wamekuwa watani wetu tangu lini?"

Nyuma yake Boni alikuwa amekaa juu ya kreti, anamenya viazi. Nilimsalimia, akanipa shikamoo kwa midomo bila sauti. Mtoto yule aliacha kujibu watu. Kwenye rekodi zangu za wiki zilizofuata, mahali ambapo angejibu pana kimya, na kimya cha mtoto mwenye ulimi kina uzito wake. Huhitaji mizani kuujua.

Alibakiwa na tumaini moja, na alilitamka mara moja tu, wakati mama yake anambana maiki kifuani. "Siku ya kupimwa nikishuka kilo, wataacha." Kwake kipindi kizima kilikuwa hicho. Tarakimu zikishuka, jina linaondoka. Zikipanda, atakuwa Mtungi mpaka aote ndevu.

Niwape ujuzi kidogo kuhusu kumvisha maiki mtoto mnene, maana hakuna atakayewaambia. Usiibane kwenye fulana; inasugua ngozi, na utasikia mtu anapiga randa mbao. Mtoto akitoka jasho, plasta inabanduka. Mimi nilishona kijimfuko cha kanga laini, nikakiwekea pamba ndani, mama yake akakipachika upande wa ndani wa shati, chini kidogo ya mfupa wa shingo. Hapo sauti ni safi. Hapo pia, ukipenda usipende, unasikia mapafu na moyo.

Ndivyo nilivyoanza kuzisikiliza pumzi za Boni.

Mwongozaji wetu alikuwa binti anaitwa Edna, mwerevu, mwenye haraka. Aliamua likizo ya mwisho wa muhula watoto wapelekwe milimani. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: kule Mgeta hakuna soda kila kona, watoto watapanda vilima, watakula mboga za bibi zao. Siku ya kwanza, kona ya kwanza tu ya njia, pumzi za Boni zilikuwa kama pampu mbovu ya baiskeli. Alikaa juu ya jiwe. Kibwagizo akakaa jirani yake, akaimba kidogo, kamera ikapenda.

Bibi Veronika, mama wa mama yake Boni, alitupokea mlangoni na mikono ina udongo wa karoti. Mwanamke mdogo, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Edna alimweleza kwa adabu kwamba mjukuu amekuja kupungua.

"Kupungua?" Bibi alimtazama juu mpaka chini. "Kwangu? Kwani mimi ni ugonjwa?"

Akaingia jikoni.

Hapo ndipo mpango wetu ulipoanza kuvunjika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuona ukivunjika, kwa sababu sote tulikulia katika adabu ileile. Mgeni haondoki nyumbani kwa mtu na mdomo mkavu. Kila siku tulikuwa na ratiba ya kutembelea nyumba kadhaa kurekodi watoto wakitembea, wakilima, wakichota maji. Kila nyumba ilikuwa imetuandalia. Njegere na viazi. Magimbi. Ugali na kunde. Ndizi zilizopikwa na nyama ya mbuzi, kwa heshima ya televisheni. Ungekataaje? Edna alikataa nyumba ya kwanza, na mwenye nyumba akakaa kimya hadi tukashindwa kurekodi. Baada ya hapo tulikula. Watoto walikula, mpiga picha alikula, Kibwagizo alikula kwa furaha akisifia mpishi, na mimi, mwenye kipande cha muhogo, nilikula. Tulikuwa tukipanda kilima kwa jasho, tukifika juu tunakuta sahani.

Tulikuja pia na mtaalamu wa lishe, mama mpole, azungumze jikoni kwa Bibi kuhusu kupunguza kiasi cha chakula. Nilifumba macho, nikasikia maharage yanachemka. Niliomba chungu kiondolewe. Bibi akasema chungu hakiondolewi, maharage yakikatizwa yanakuwa magumu. Basi mazungumzo yote ya kula kidogo yakarekodiwa juu ya sauti ya maharage mengi yakiiva, na yule mtaalamu, alipomaliza, aliletewa sahani. Alikula yote. Akaomba na chumvi.

Lakini kuna kitu kingine kilichokuwa kikiendelea, na hicho hakikuonekana kwenye picha. Boni alitembea. Asubuhi alishuka bondeni na Bibi kumwagilia kabichi, akapanda, akashuka tena. Hakuna aliyemwita Mtungi kule. Walimwita jina la babu yake. Siku za mwisho za likizo tulipanda njia ileile ya siku ya kwanza. Nilisikia pumzi zinaingia na kutoka bila kukwama, na katikati ya mwinuko mkali mtoto akaanza kusimulia hadithi ya nguruwe wa jirani aliyekula rozari. Aliisimulia mpaka mwisho, bila kuhema. Nyuma yake Kibwagizo aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Tuliporudi mjini, siku moja kabla ya kilele, Edna aliwapima watoto faraghani ili ajue atapanga vipi. Wengine walikuwa wamebaki palepale, mmoja ameshuka kidogo. Boni alikuwa amepanda. Si sana, lakini tarakimu nyekundu hazijui "si sana". Mimi si daktari, siwezi kuwaambia ni njegere au ni misuli. Niliona tu uso wa mtoto, kisha nikafumba macho.

Kibwagizo alikwenda nyuma ya jukwaa kufanya mazoezi ya maneno yake. Alisahau maiki. Nilimsikia akijaribu, mara kwa sauti ya juu, mara kwa sauti ya chini, kama mtu anayechagua shati:

"Jamani, Mtungi wetu... amekwenda kujazwa gesi mlimani! Hapana. Mtungi umerudi umejaa! Eeh. Hiyo kali."

Nikakumbuka kanuni ya pili ya Mzee Shomari. Sikumwambia mama yake Boni, sikumwambia Edna. Nilikwenda tu kwa Kibwagizo mwenyewe.

"Baba, maiki yako iko wazi."

"Aa, Mama Maiki! Umesikia? Kali, siyo?"

"Nimesikia," nikasema, nikarudi kwenye mashine yangu.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeishi kwa kicheko cha wengine, na kesho yake alikuwa na uwanja mzima wa kuulisha.

Wakati huohuo mama yake Boni alikuwa amempigia simu Bibi Veronika. Alinisimulia baadaye. Bibi hakuwa na televisheni, hakuwa amelijua lile jina. Aliposikia, alitaka aelezwe yote tangu mwanzo. Kisha akasema: "Mtani akishacheka, hukaa akafariji. Huyu alicheka akapanda gari." Akauliza shughuli inaanza saa ngapi.

Siku ya kilele uwanja wa shule ulijaa. Wapiga debe wa Msamvu walikuja, wamekaa mbele. Watoto walipimwa mmoja mmoja, vifijo, muziki. Boni aliwekwa wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyependwa na watazamaji. Kibwagizo akaliita jina lake, la kanisani kwanza, akivuta pumzi kwa ajili ya lile jingine. Maiki ya Boni ilikuwa wazi kwenye sikio langu la kushoto. Moyo wake ulikuwa unapiga ngoma ya mtu anayekimbizwa.

Kabla mtoto hajafika, Bibi Veronika alipanda jukwaani. Kitenge kipya, tenga la karoti kichwani. Alilitua tenga, akatazama mizani, akaigeuzia mgongo, akaikalia. Katikati kabisa, miguu ameinyoosha. Tarakimu zikasoma uzito wake, watu wakaangua kicheko.

"Bibi, shikamoo," alisema Kibwagizo, akitabasamu. "Hapo panapimwa watoto."

"Marahaba, mtani. Mimi leo sitoki hapa."

Nanyi mnajua mila hii: mtani akikukalia kitu chako kwenye shughuli, humwondoi kwa nguvu. Unamkomboa. Akikalia jeneza, jeneza haliendi makaburini mpaka apewe anachotaka. Yule bwana alikuwa amejitangaza mtani mbele ya nchi nzima siku ya kwanza. Hakuwa na mlango wa kutokea.

"Bibi, tuko mubashara," akanong'ona.

"Na mimi niko mubashara. Sijafa."

Uwanja ulivuma. Edna alinitazama, mikono kichwani. Ningemsaidiaje? Hapakuwa na mhariri siku ile wa kukata jibu la mtu.

"Haya, mtani wangu, nikukomboe kwa nini? Hela?"

"Hela za nini, nina kabichi. Likizo nzima umekula kwangu. Ukaongeza, ukaongeza tena. Nataka kujua chakula changu kimekwenda wapi. Panda wewe kwanza, mjukuu wangu atafuata."

Kwenye sikio langu la kulia nilikuwa na kifua cha Kibwagizo, la kushoto kifua cha Boni. Nawaambia, moyo wa staa na moyo wa mtoto wa darasa la tano, ukifumba macho, huwezi kuitenganisha.

Alivua kofia. Akavua viatu. Mtu mmoja akapiga kelele avue na mkufu, akavua. Bibi akainuka, akampisha kwa heshima kama anayempisha mgeni kiti. Akapanda. Sikuhitaji kutazama tarakimu. Wapiga debe wa Msamvu walinisomea. Sauti yao ilianza mmoja mmoja, ikawa uwanja mzima:

"Mtungi! Mtungi! Mtungi!"

Walikuwa wanamwita yeye.

Angeweza kukasirika. Nilisikia pumzi yake ikisimama. Kisha akacheka, kicheko kilekile cha siku ya kwanza, cha kukohoa, na safari hii nikaishusha sauti yake mapema kwenye mashine.

"Jina nimelichukua," alisema. "Ni langu. Mtani, nilikukopesha bila kukuuliza. Lirudishe."

Akanyoosha mkono. Na Boni, baada ya wiki zote zile za kimya, akajibu:

"Nakurudishia. Ila maiki uliyomeza bado inaonekana."

Bibi akamgeukia mjukuu. "Kupanda si lazima. Shughuli imekwisha."

"Napanda, Bibi."

Leo Kibwagizo akipita Msamvu, kuna watu wazima humwita Mtungi, na hupunga mkono dirishani. Kipindi hakikurudi, mdhamini alitaka watoto wanaopungua. Boni yuko sekondari, likizo huenda Mgeta kubeba mboga. Mimi nilipungua nilipoacha kutembea na kamera.

Watu huniuliza siku ile mizani ilisoma ngapi mtoto alipopanda. Sijui. Nilikuwa nimefumba macho. Nilimsikia akikanyaga, mguu mmoja, kisha wa pili. Kelele za uwanja zikaja kama mvua ya mbali. Na chini yake, kwenye kijimfuko cha kanga, pumzi ya mtoto iliingia na kutoka, iliingia na kutoka, taratibu, kama ya mtu aliyefika juu ya kilima na sasa anatazama chini.